Je, ninaweza kung'arisha meno nikiwa bado nimefungwa waya?

SWALI: Shikamoo daktari. Nina miaka 27, nimekulia kijijini Shinyanga tukinywa maji ya kisima, na sasa nauza dagaa Mwaloni, Kirumba. Meno yangu ya mbele yana rangi ya kahawia tangu utotoni. Nina miezi saba tangu nifungwe waya, na mwakani naolewa. Kuna saluni imeniahidi kuyang'arisha na waya zikiwemo. Rafiki yangu naye anasema nisugue kwa mkaa na limau. Nifuate lipi?

JIBU: Marahaba, dada. Usifuate hata moja.

Dawa ya peroksaidi inayong'arisha meno hupenya enameli, yaani tabaka gumu la nje la jino, na kuvunjavunja chembe za rangi zilizomo. Palipofunikwa na chuma na gundi haifiki sawasawa, kwa hiyo siku ya kutolewa waya unaweza kubaki na kiraka cha rangi ya zamani katikati ya kila jino. Isitoshe, mtu wa saluni hawezi kujua kama una jino lililotoboka, na dawa ikiingia humo utakesha kwa ganzi na maumivu.

Kwa maelezo yako, rangi hiyo inaelekea kuwa ya floraidi, ingawa ni lazima uonwe ndipo ithibitishwe. Floraidi kidogo hulinda meno, lakini ikizidi katika maji ya kunywa huvuruga ujenzi wa enameli wakati jino lingali ndani ya taya. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita, na baadhi ya visima vya Shinyanga, kama vya Arusha na Singida, huvuka hapo. Enameli ya meno ya mbele hukamilika takriban katika miaka minane ya mwanzo. Bomba la Ziwa Victoria kutoka Ihelele, Misungwi, lilipofika Shinyanga mwaka 2009 wewe ulikuwa umeshapita umri huo. Kwa hiyo huo si uchafu, na mkaa unasugua juu ilhali rangi iko ndani. Limau ni baya zaidi, kwani asidi yake hulainisha enameli, mswaki ukaikwangua, na enameli haioti tena.

Waya zikishatolewa na gundi kusafishwa, subiri wiki kadhaa fizi zitulie. Madoa ya juu juu daktari huyaondoa kwa kusugua tabaka jembamba mno kwa asidi maalumu iliyochanganywa na unga laini wa jiwe, kazi isiyofanywa nyumbani kamwe. Baada ya hapo hutumika jeli ya peroksaidi ya nguvu ndogo, ndani ya kifuniko laini cha plastiki kilichotengenezwa kwa kipimo cha meno yako, unachokivaa usiku kwa wiki mbili au zaidi. Madoa meupe yakijitokeza zaidi siku za mwanzo, usiogope. Mara nyingi hufifia.

Kwa sasa kinachonitia wasiwasi zaidi ni ukoga. Ukiachwa kuzunguka vyuma, huweza kuacha alama nyeupe kama chokaa ndani ya mwezi mmoja tu. Nimewahi kumtoa waya kijana ambaye meno yake yalikuwa yamenyooka kabisa, lakini kila jino lilikuwa na fremu nyeupe ya mraba pale chuma kilipokuwa. Piga mswaki laini kwa kuuinamisha juu ya vyuma, kisha chini yake, halafu pitisha chini ya waya kile kibrashi chembamba kinachofanana na cha kusafishia chupa. Tumia dawa ya meno yenye floraidi bila hofu: katika umri wako haiwezi kuongeza madoa yale, bali huimarisha enameli. Dagaa si tatizo, lakini muwa na mahindi ya kuchoma hung'oa vyuma, na soda ya kunywa kidogo kidogo kutwa nzima kibandani ndiyo inayoulisha ukoga.

Kuhusu harusi, mwulize daktari aliyekufunga waya mwezi anaotarajia kuzitoa, kwa kuwa kazi hii huchukua mwaka mmoja na nusu hadi miwili kwa wengi. Ikiwa tarehe ya harusi itatangulia, usimshinikize azitoe mapema, kwani meno yasiyotulia hurudi yalikotoka; olewa na waya zako, ukiwa umezisugua vizuri asubuhi hiyo.