Kwa nini amoksilini inaisha kabla ya mzigo mpya kufika?

SWALI: Ndugu mfamasia, mimi ni muuguzi, nasimamia zahanati ya kijiji. Kila baada ya miezi miwili natuma maombi Bohari ya Dawa (MSD) kwa kufuata wastani wa matumizi, na mara nyingi naletewa nilichoomba. Lakini amoksilini inakauka karibu kila mzunguko. Mfamasia wa wilaya anasema naagiza kidogo, nami nikirudia hesabu naiona iko sawa. Nakosea wapi? Na Bohari ikikosa dawa kabisa, naruhusiwa kununua duka la karibu?

JIBU: Ndugu yangu, kugawanya umegawanya vizuri. Shida iko kwenye idadi ya siku unazogawanyia.

Leja inaandika dawa iliyotoka. Mama aliyekuja na mtoto mwenye nimonia siku ambayo kopo lilikuwa tupu, akaandikiwa karatasi akanunue mjini, hayumo kwenye leja yako. Ukichukua matumizi ya miezi miwili ukagawa kwa mbili, siku zile kavu unazihesabu kana kwamba hakuna aliyeumwa.

Tuchukue mfano. Kwa siku 60 mmetoa vidonge 2,400, na kwa siku 20 kati ya hizo dawa haikuwepo. Hesabu ya haraka inakupa wastani wa 1,200 kwa mwezi. Lakini vidonge hivyo vilitoka ndani ya siku 40 tu, yaani 60 kwa siku, kwa hiyo wastani wa kweli ni 1,800. Tuseme kiwango cha juu cha akiba ni miezi mitatu na salio lenu ni sifuri: kwa hesabu ya kwanza utaomba 3,600, kwa ya pili 5,400. Zile 3,600 zikitumika 60 kwa siku zinaisha siku ya 60 kamili. Gari likikwama kwa mvua wiki moja, mmekauka tena, na ripoti inayofuata itaonyesha tena matumizi madogo. Ndiyo maana fomu ya taarifa na maombi ina safu ya siku ambazo dawa haikuwepo. Naziona fomu nyingi ambazo safu hiyo imejazwa sifuri kwa mazoea, na inaniuma, kwa sababu anayeumia ni mgonjwa.

Tahadhari moja: kama dawa ilikosekana karibu mzunguko mzima, usitumie kanuni hii. Siku chache za mwanzo baada ya mzigo kufika watu hufurika, na hesabu itapaa kupita kiasi. Rudi kwenye miezi ambayo dawa ilikuwepo muda wote, hasa ya msimu kama huo mwaka uliopita.

Angalia pia dawa mseto ya malaria, maana kuna mtego wa namna hiyo hiyo. Pakiti zake ni nne kwa uzito wa mgonjwa: vidonge 6, 12, 18 na 24. Ya watu wazima ikiisha, mnampa mgonjwa pakiti mbili za 12. Kitabibu ni sawa, lakini leja itaonyesha pakiti za 12 zinakwenda mbio na za 24 hazitumiki. Ukiagiza kwa leja hiyo utaletewa rundo la za 12, na watu wazima watazidi kulishwa dawa za watoto. Kila mnapofanya mbadala, andika pembeni alikuwa mgonjwa wa pakiti ipi, kisha urekebishe kabla ya kuomba.

Kuhusu kununua: duka la karibu, hapana. Omba Bohari ikuthibitishie kwa maandishi kwamba dawa haipo. Ukishaipata hati hiyo, peleka maombi halmashauri kwa mfamasia wa wilaya ili yaende kwa mshitiri, yule msambazaji binafsi aliyeingia mkataba kuziba mapengo ya Bohari. Utaratibu huu ulianza Dodoma mwaka 2014, ukasambazwa nchi nzima kuanzia 2018. Faida yake ni kwamba bei zimekubaliwa kabla, na dawa lazima ziwe zimesajiliwa na TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Duka la kijijini halikupi uhakika huo, na mkaguzi akija utajibu peke yako.

Mshitiri analipwa kwa fedha za kituo zilizoko benki, kama za papo kwa papo wanazolipa wagonjwa, na za CHF, yaani mfuko wa afya ya jamii. Kwa hiyo kamati ya kituo ikikaa kupanga bajeti ya mwaka, omba fungu la dawa za mshitiri litajwe lenyewe, na uende na leja mkononi uwaonyeshe wajumbe siku ambazo amoksilini haikuwepo.