SHA-256 peke yake haitoshi

Ndugu, umeuliza kama inatosha kutuma SHA-256 (hashi, yaani alama fupi inayokokotolewa kutoka kwenye data na kubadilika data ikiguswa) pamoja na orodha ya malipo kutoka biro ya Bukavu kwenda Goma. Hapana! Anayegeuza faranga 50 000 kuwa 500 000 atapiga hashi mpya, maana haihitaji siri yoyote, aibandike, na Goma hawataona kitu. Tumieni HMAC-SHA256, yaani hashi inayokokotolewa pamoja na ufunguo wa siri; ufunguo uwe baiti 32 za nasibu, mkabidhiane mkono kwa mkono. Namba ya mfululizo iingie ndani ya ujumbe kabla ya kukokotoa, na Goma wakatae namba iliyokwisha kupita. Bila hiyo, orodha ya jana ikirudishwa leo itakubaliwa. Kwenye Python linganisha HMAC iliyopokelewa na mliyokokotoa kwa hmac.compare_digest, si ==, maana muda ambao == inatumia unaweza kumdokezea mshambuliaji. Mkihofia kukanushana, yaani mmoja kukana kuwa ndiye aliyetuma, HMAC haisaidii kwa kuwa ufunguo mnao wote wawili: chukueni sahihi ya kidijitali ya Ed25519, ambayo ufunguo wa kutia sahihi anao mtumaji peke yake.