Pipa halilii kwenye Geiger, ndani kuna nini?

SWALI: Habari za kazi mtaalamu. Nasikia taka za mitambo ya nyuklia zina vitu ambavyo kipimo cha Geiger (kile kifaa cha mionzi kinacholia) hakivishiki kabisa. Sasa wanajuaje vipo na ni kiasi gani, au wanakisia tu? Na kama kipimo hakilii si ndo havina madhara? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Nzuri ndugu yangu. Nianze na hilo la mwisho, hapana, kutolia sio usalama.

Chukua chuma cha pua kilichotoka ndani ya reakta, yaani moyo wa mtambo wa nyuklia, kikawekwa kwenye pipa la taka. Kina kobalti-60 inayotoa mionzi, gama zake (mionzi yenye nguvu ya kupenya) zinapita pipa mpaka nje, unazisoma ukiwa pembeni tu. Humo humo kuna nikeli-63 ambayo beta yake (mionzi ya chembe ndogo za umeme) ni dhaifu, karatasi ya kawaida inaizuia, sembuse ukuta wa pipa. Ila kobalti inapungua nusu kila miaka 5 na ushee, nikeli-63 inachukua kama miaka 100, yaani mpiga kelele anaondoka mapema mkimya anabaki, na siku maji yakiingia huko taka zilikofukiwa ndo utamjua.

Kuipima hiyo nikeli lazima uifuate ndani. Watu wa maabara wanakata kipande, wanakiyeyusha kwa asidi, halafu wanaweka dawa inaitwa dimethilglioksimu ambayo inaikamata nikeli na kugeuka nyekundu, unaiona kwa macho kabisa. Wakishaitenga wanaichanganya na kimiminika kinachomulika kila beta ikipita, mashine inahesabu hivyo vimulimuli. Na iwe safi kwelikweli, kobalti kidogo tu ikibaki humo hesabu yote imeharibika.

Sasa kazi hiyo huwezi kuifanya kwa kila pipa, utazeeka. Kwa hiyo wanapima sampuli kadhaa, wanapata uwiano wa nikeli kwa kobalti, mapipa mengine wanasoma kobalti kwa nje wanazidisha kwa uwiano huo. Sio kukisia, ila uwiano wa chuma usiupeleke kwenye resini za kusafishia maji ya reakta, kila taka na wake. Na tarehe jamani! Baada ya miaka 53 kobalti imebaki kama sehemu moja ya elfu, nikeli bado karibu asilimia 70, ukitumia uwiano wa zamani bila kurekebisha utaandika nikeli kiduchu wakati imejaa tele.

Kuna pia klorini-36 kwenye grafaiti (kaboni kama ya ndani ya penseli) ya reakta za zamani za Uingereza, hiyo inachukua kama miaka 300,000 kupungua nusu, na hapo kazi ni kuchoma sampuli kwenye tanuru na kunasa gesi inayotoka.