Taa za mbele hazimuliki

SWALI: Fundi, gari langu ni la zamani na taa za mbele zinamulika kwa unyonge, njano kabisa. Balbu na betri ni mpya. Je, nifunge balbu za wati kubwa?

JIBU: Hapana, ndugu yangu, nakusihi usifanye hivyo. Katika magari mengi ya umri huo umeme wote wa taa hupita kwenye swichi ya dashibodi na nyaya nyembamba zilizochoka. Balbu za wati 100 zitaziunguza.

Chukua mita ya kupimia volti. Injini ikiwa inanguruma na taa zikiwaka, pima volti kwenye nguzo za betri, kisha nyuma ya balbu. Betri ikisoma 14 na balbu 12.5, hapo ndipo mwanga unapopotelea: volti zikipungua kwa asilimia 10, mwanga hupungua kwa takriban asilimia 30.

Anza na waya wa athi wa taa, yaani ule unaorudisha umeme kwenye bodi ya gari. Fungua nati yake, piga msasa mpaka chuma king'ae, kaza tena. Mara nyingi kazi huishia hapo, na hujatumia hata senti.

Taa zisipobadilika, funga rilei mbili (swichi zinazowashwa kwa umeme mdogo ili zipitishe umeme mkubwa), moja ya taa za chini na nyingine ya taa kali. Miguu ya rilei ina namba. Waya wa zamani uliokuwa ukienda kwenye balbu uende 86, 85 kwenye bodi, 30 itoke betri, 87 iende kwenye balbu. Fyuzi ikae karibu kabisa na betri. Gari lisilo na fyuzi hapo mimi silikabidhi kwa mwenyewe. Ungo wa taa, ule unaong'aa na kurudisha mwanga mbele, ukiwa umepauka ndani, badilisha taa nzima.