Metaxas na usiku wa Oktoba 28

Mhariri, mmeuliza kama tendo moja la ujasiri linatosha kumsafisha kiongozi aliyetawala kwa mabavu. Nasema halitoshi, na mfano wangu ni Jenerali Ioannis Metaxas wa Ugiriki.

Kichwa alikuwa nacho, hilo simnyimi. Alisomea mambo ya vita Berlin, na mwaka 1921 alipotakiwa kuongoza jeshi la nchi yake huko Asia Ndogo, yaani Uturuki ya leo, alikataa katakata, kwa kuwa aliona vita ile haishindiki. Mwaka uliofuata Waturuki walilisambaratisha jeshi hilo. Kwenye siasa ndiko alikokosa watu: uchaguzi wa Januari 1936 chama chake kiliambulia viti 7 kati ya 300. Lakini waziri mkuu alifariki ghafla, Mfalme George wa Pili akampa Metaxas uwaziri mkuu, na Agosti 4 bunge likavunjwa kwa kisingizio cha ukomunisti. Viti saba!

Polisi wake waliwanywesha wafungwa mafuta ya mbarika na kuwakalisha uchi juu ya mabarafu, mpaka wasaini hati ya kutubu na kuukana ukomunisti. Hati hiyo ilichapishwa gazetini, tena ikapelekwa kijijini kwa mfungwa ikasomwe kanisani, mbele ya mama yake na majirani.

Wanaomtetea hukimbilia usiku wa kuamkia Oktoba 28, 1940. Yapata saa tisa balozi wa Italia, Emanuele Grazzi, alimgongea nyumbani kwake Kifissia na barua ya Mussolini: ruhusuni majeshi yetu yaingie, mna saa tatu. Metaxas, akiwa na joho la kulalia, aliisoma, kisha akajibu kwa Kifaransa kwamba basi hiyo ni vita. Waitalia wakavamia, wakarudishwa hadi ndani ya Albania. Mpaka leo Wagiriki huadhimisha siku hiyo, na wana haki.

Ila wapo waliotaka kupigana siku zile wakazuiwa. Wakomunisti waliofungwa katika ngome ya Akronauplia waliomba wapelekwe mstari wa mbele, serikali ikawakatalia. Metaxas alifariki Januari 1941. Wajerumani walipoingia Aprili waliwakuta wafungwa wale humo humo, wamekabidhiwa kama mali ya ghala. Mei 1, 1944 Wajerumani waliwapiga risasi watu 200 Kaisariani, jijini Athens, na wengi wao walikuwa wafungwa hao wa Metaxas.