Mkono haujaharibika, sheikh

Sheikh uloandika mechi tatu sasa za basketi huingizi hata mtupo mmoja wa mbali, mkono haujaharibika wallahi. Stephen Curry mwenyewe, nyota wa NBA (ligi ya basketi ya Marekani), Novemba 2016 alikosa mitupo yote 10 ya pointi tatu dhidi ya Lakers, mechi ya pili yake tu akatia 13, rekodi ya NBA wakati ule. Ukikosa miwili mitatu unaanza kuogopa, magoti hayapindi, kiwiko kinatoka nje, mpira unagonga mbele ya ringi unarudi, basi ndo unazidi kukaza. Nenda kiwanjani asubuhi kabla upepo haujaamka (kwetu huku kaskazi nayo inacheza difensi), simama karibu na ringi, mkono mmoja tu, ukitia kumi rudi hatua. Kwenye mechi anza na leyapu (ule mtupo wa kukimbilia mpaka chini ya ringi), usikie nyavu kwanza.