Amplifaya ya kusomea kubiti: ipoze kwa nitrojeni ungali Mtwara

Amplifaya hii hukuza ishara hafifu inayotoka kwenye kubiti, yaani biti ya kompyuta ya kwanta, na hufanya kazi kwenye baridi ya kelvini 4 (karibu nyuzi -269 za Selsiasi). Hapa Mtwara au Lindi huna mashine ya kufikisha baridi hiyo, lakini makosa mengi ya muundo hujitokeza kabla hujafika huko.

Anza na hesabu ya kelele, ambayo hapa hupimwa kwa kelvini. Amplifaya nzuri ya HEMT (aina ya transista yenye kelele ndogo), ikiwa kwenye kelvini 4 na gigahezi 4 hadi 8, huongeza kelele ya kama kelvini 2. Weka mbele yake waya unaopoteza desibeli 1 (karibu moja ya tano ya nguvu ya ishara), nao uko kelvini 4: jumla inafika karibu kelvini 3.6. Waya huohuo ukiwa kwenye joto la chumba, jumla inaruka hadi kelvini 78 hivi. Ndiyo maana kipande hicho hutengenezwa kwa niobi-titani, ambayo kwenye baridi hiyo ni superkondakta, yaani hupitisha umeme karibu bila kupoteza. Usikeshe na transista huku konekta ya mbele imelegea.

Kwenye vipuri, kapasita za seramiki aina ya X7R hupoteza sehemu kubwa ya uwezo wake zikipoa, weka za aina ya C0G. Rezista ziwe za filamu nyembamba.

Kinachosumbua zaidi ni amplifaya kuanza kuvuma yenyewe, yaani kutoa ishara yake bila kuingiziwa yoyote. Transista ikipoa ukuzaji wake hupanda, hivyo saketi iliyotulia mezani inaweza kuharibika baridini. Utaijua pale unapopandisha volti ya dreni (mguu wa transista unaoingiza mkondo mkuu) taratibu na mkondo ukaruka ghafla. Tia rezista ya omu 10 hadi 20 kwenye njia ya dreni, jirani kabisa na transista, na kwenye kompyuta kagua utulivu kuanzia karibu na sifuri hadi gigahezi 20 na zaidi, si ndani ya bendi yako tu.

Sasa ipoze hadi kelvini 77 kwa nitrojeni ya kimiminika, ileile ya kuhifadhia mbegu za uhimilishaji wa ng'ombe. Boksi la foamu la samaki linatosha. Ining'inize kwanza kwenye mvuke ulio juu ya nitrojeni kwa dakika kumi, kisha ishushe ndani yake. Fungua madirisha na usibane kifuniko: lita 1 huwa gesi karibu lita 700, na gesi hiyo hufukuza hewa ya kupumua.

Hatari ya pwani inakuja wakati wa kuitoa. Hewa yetu ina unyevu na chumvi. Chuma baridi kitalowa papo hapo na nyaya nyembamba za ndani zitaliwa. Zima umeme, dreni kwanza kisha geti (mguu unaoongoza mkondo wa transista). Itoe moja kwa moja ndani ya mfuko wa plastiki wenye silika jeli (chembe za kunyonya unyevu), ufunge, na usiufungue mpaka ukiushika hauhisi ubaridi.